Uwanja wa Wanaume pale Kondele

Kiingereza changu nilikiacha darasa la tatu pamoja na jino moja la mbele. Nilichobaki nacho ni maneno machache, na mojawapo ni "men", wanaume, kwa sababu limeandikwa kwenye vyoo vya stendi na asiyelijua anaweza kuaibika.

Basi kanjo, askari wa kaunti, walipotujia Kondele, mimi na mke mwenzangu tukikaanga samaki, nilisikiliza kwa makini. Mkubwa wao ni mtoto wa watu wa Katito. Jina lake ninalo, na la baba yake, na la fahali aliyechinjwa kwenye harusi yao, lakini nimeonywa nyumbani nisimwandike mtu. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Akasema, "Mama, kuanzia Jumatatu hamtauza hapa. Hii ni pavement." Akaenda zake.

"Amesema nini?" mke mwenzangu akaniuliza.

Sisi Wajaluo ile sauti ya katikati, ya "v", hutuponyoka, na kile kijiti nacho hakikusaidia. Nilisikia "papment". Na "pap" kwa lugha yetu ni uwanja, pale watoto wanapochezea mpira. Nikaunganisha, kazi ikaisha.

"Amesema huu ni uwanja wa wanaume."

"Toka lini?"

"Toka sasa hivi, nafikiri."

Tukatazama huku na huku. Fundi viatu hakuambiwa kitu. Muuza magazeti naye ametulia. Kumbe wao wanakaa kwenye baraza ya duka, lakini hilo tulilijua baadaye.

"Umeona?" mke mwenzangu akasema. "Tuliolewa wawili kwa mume mmoja tukanyamaza. Sasa wanataka na barabara."

Mimi sikucheka. Pale ndipo wateja wanaponijua. Niliwahi kuhamia soko la Kibuye nikarudi na beseni zima halijauzwa, tukala mgongo wazi, ile mifupa ya samaki tunayokaanga, mpaka paka akakataa. Nikifukuzwa Kondele, biashara yangu imekwisha.

Jumatatu wakaja mafundi wa kabro, yale matofali ya kutandaza njiani, na mashine ya kushindilia udongo. Aliyewasimamia alikuwa msichana, suruali na kofia ngumu.

"Hata huyu wamemvalisha suruali ndipo apite," mke mwenzangu akaninong'oneza.

Nikamwendea. "Mwanangu, nimekuja kwa heshima. Huu uwanja wa wanaume, mwanamke akitaka sehemu kidogo anamwona nani?"

"Uwanja gani, Dani?"

"Pap ya men. Kanjo ametuambia."

Ni Mjaluo mwenzetu, ndiyo maana akaniita Dani, yaani bibi, kwa hiyo lilimfikia, ila lilichelewa kidogo. Alichuchumaa akashika tumbo. Mashine ikazimwa. Fundi viatu alicheka mpaka akajipiga nyundo kidoleni, na hilo sikulisikitikia.

Msichana alipopata pumzi akanieleza. Pavement ni njia ya watu wa miguu kando ya barabara. Neno lenyewe, alivyofundishwa chuoni, Waingereza walilipata mbali, kwa Warumi wa kale, na kwao lilikuwa sakafu iliyopigwapigwa hadi ikawa ngumu. "Mwanzo wake ni kupiga, Dani. Wanaume hawamo."

"Si kama tunavyopiga udongo nyumbani kabla ya kupaka mavi ya ng'ombe?" mke mwenzangu akauliza.

"Hivyo hivyo."

"Basi tumetengeneza pavement miaka yote, na mume akalala juu yake bila kufukuzwa na mtu."

Lakini mimi nilikuwa na langu. "Na mahali ambapo hapajapigwa?"

Msichana akatazama. Kati ya mwisho wa kabro na mtaro kulikuwa na kipande cha udongo laini, upana wa mkeka.

"Hapo kazi yangu haifiki," akasema. "Hapo si pavement. Kanjo wakiniuliza nitawaambia hivyo."

Tukahamisha jiko, karai na benchi mchana ule ule. Mtoto wa Katito alipokuja nikamwambia, "Hapa hapajapigwa, baba." Akaenda kumuuliza msichana, akarudi, akanunua mgongo wazi, akala amesimama.

Shida sasa ni wateja. Wamekuwa wengi, na udongo unashindiliwa na miguu yao. Mke mwenzangu ameleta jembe. Kila asubuhi, kabla hatujawasha moto, anapalilia pale mbele ya jiko mpaka wapita njia wanauliza tunapanda nini. Na mteja akija na viatu vizito anamwambia, "Kanyaga polepole, bwana. Usitutengenezee pavement."