Mkate wa Stika Nyekundu

Walimwita Brashi kwa sababu alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na mkono wake haukutetereka hata akiwa juu ya ngazi. Kisha zikaja mashine za kuchapa, kazi zikakatika kama maji ya bomba. Mvi zilikuwa zimeshamwingia. Nani angemfundisha kazi nyingine? Akahamia chumba kimoja nyuma ya gereji, dirisha linatazama ukuta, akajifunza kula kwa akili.

Kula kwa akili kulimaanisha kwenda supamaketi jioni, bidhaa zinapobandikwa stika nyekundu za punguzo. Mkate wa jana. Mtindi unaoisha muda kesho. Kopo la maharage lililobonyea. Karoti zilizolegea nazo alizitetea: zimechoka tu, zikiona maji ya moto zitaamka.

Aliyebandika stika hizo alikuwa mdogo wake wa kike, tumbo moja. Lakini wafanyakazi walikatazwa kuwauzia ndugu zao vitu vya punguzo, maana huko nyuma kuna waliokuwa wakiwafichia watu wao nyama. Ukibainika, huna kazi. Basi wakakubaliana wasijuane. Brashi humsogelea kwa adabu zote.

"Samahani dada, huu bado mzuri?"

"Bado, mzee," naye hujibu, akibana midomo asicheke.

Jumapili wakikutana chumbani kwa Brashi ndipo walipocheka hadi machozi.

Wakaenda hivyo mpaka alipoletwa msimamizi mpya, bwana wa tai, asiyependa kuona sura zile zile kwenye rafu ya punguzo. Alisema zinamshushia hadhi ya duka. Jioni moja akamkuta Brashi pale, ameshalipia vitu vyake, amerudi kufuata mkate uliokuwa ndiyo kwanza unabandikwa. Akamwamuru mlinzi amwage mfuko. Kopo likabingirika hadi chini ya friji. Brashi akatoa risiti. Msimamizi akaitazama, akairudisha, kisha akamgeukia mdogo mtu.

"Huyu unamjua? Kila siku yuko kwako."

"Simjui."

Angeweza kuishia hapo. Lakini msimamizi aliendelea kumkazia macho, naye nyumbani ana watoto na hana mume.

"Ni ombaomba tu, bosi," akasema. "Hata mimi amenichosha. Ananuka."

Waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Brashi akapiga magoti, akaokota karoti zake moja moja, akatoka.

Jumapili mdogo wake akaenda na mkate wa moto, siagi na kuku mzima wa bei kamili. Akajieleza kirefu. Watoto wangekula nini? Si wewe mwenyewe kaka uliyesema tusijuane?

Brashi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kutojuana tulipatana," akasema. "Kunuka ulikutoa wapi?"

Brashi akamchemshia chai, wakanywa wakizungumzia watoto. Kuku hakuguswa; mdogo wake alipoondoka, alirudishiwa kuku huyo mlangoni, akiwa amefungwa vizuri kwenye mfuko wake.

Tangu hapo Brashi hununua chakula supamaketi nyingine, ng'ambo ya mji, kwa miguu, na Jumapili mlango wake una kufuli. Mama yao alipompigia simu kuuliza kama wanaonana, alijibu wanaonana sana, na kwamba mdogo wake anamlisha vizuri.