Mama wa Salma na Daraja la Regensburg

Siku ya kwanza nnaingia kwenye kazi ya kuosha maiti, pale Matrah, Maskati, bibi mkuu wa waosha alinipa kopo akaniweka miguuni pa maiti. Sauti yake ya puani, utasema kabanwa pua na kibanio cha nguo: "We mtoto, mimina! Unamtetemekea nani? Huyu hana tena la kukufanya." Nikamimina, nusu juu ya maiti, nusu juu ya miguu ya bibi mkuu.

Kazi hii, wanangu, ina adabu yake. Maiti hafunuliwi, unamwosha chini ya shuka, mkono umeufunga kitambaa. Unaanza upande wa kulia. Maji ya mwanzo yana majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ya mwisho yana kafuri, ile ya kunukia. Nywele za mwanamke zinafumuliwa, zinaoshwa, zinasukwa misuko mitatu. Kisha sanda. Ulichokiona mwilini mwake unakufa nacho.

Kutoka Matrah nikapelekwa Mawaleh, nyumba mpya ya kuoshea, meza ya chuma, maji ya mpira. Msimamizi wa huko, mama wa Kiarabu, kutwa yuko mlangoni: "Yalla, hajja, yalla!" Namjibu, "Mwenyewe hana haraka huyu, we unakwenda wapi?" Hapo ndipo nilipozeekea, mpaka magoti yakagoma, nikaacha.

Mjukuu wangu Rayya, yuko benki, akaninyakua siku chache tukatembee Regensburg, mji wa kale wa Ujerumani. "Bibi, umeona maiti wa kutosha, sasa kaone dunia." Haya. Tukaona kanisa la minara miwili, mirefu hata shingo inauma. Tukafika daraja la mawe. Yule Mjerumani anayetembeza wageni kanyanyua mwavuli juu, anatuita kama anaita kuku: "Bite, bite, bite!"

Hapo darajani mwanamke mmoja akasikia Kiswahili chetu, akaja mbio. "Shikamoo bibi. Nyie wa Maskati?" Jina lake Salma, wa Maskati kama sie. Mama yake kaletwa kutibiwa, na asubuhi ile kafariki. Jeneza la bati linachomelewa jioni, liende uwanja wa ndege, na mwanamke wa kumwosha hakuna.

"Watamfungia hivyohivyo, bibi. Na nguo za hospitali."

Rayya akanigusa kiwiko. "Bibi, magoti yako…"

"Magoti hayaoshi maiti. Twende."

Mkunazi haukupatikana; tukatumia sabuni, dini haikutubana. Kafuri tukaipata duka la Waturuki. Sanda nilikuwa nayo mwenyewe, chini kabisa ya sanduku. Sie wazee hatusafiri bila yake, na hii yangu niliichovya zamzam Makka. Nikaitoa.

Tulipofika hospitali, Salma kasimama nje ya mlango wa chumba cha maiti. "Siwezi, bibi. Muoshe wewe."

"Mie mwosha tu. Wewe mwanawe, haki yako iko mbele ya yangu. Shika kopo. Na ukitaka kuzimia, zimia upande ule, hapa utanibana."

Akaingia. Alimimina vizuri, polepole. Tulipofika kwenye nywele, mkono ukamganda.

"Nilimuahidi akipata nafuu nitamtembeza. Kila siku ananiuliza, 'Salma, hilo daraja likoje?' Na mie sijui, bibi. Leo ndo nimelikanyaga, natafuta mtu, sikuliangalia hata. Dirishani kwake hospitali ukuta mtupu."

Maiti hasemeshwi, anasomewa dua tu. Miaka yote ile sikupata kumsemesha hata mmoja. Nikasuka msuko wa kwanza, nikainama sikioni kwa yule mama.

"Bibi mwenzangu, daraja la mawe, refu. Mto chini yake unakwenda mbio, rangi ya chai iliyopoa. Na kuna Mjerumani ana mwavuli: Bite, bite, bite!"

Nilimuiga yule Mjerumani vilevile, na shingo nikainyoosha kama yeye. Salma akacheka, kilio kikamtoka humohumo ndani ya kicheko, na vidole vikafunguka. Msuko wa mwisho kausuka yeye. "Na kanisa, bibi? Mwambie na kanisa." Nikamwambia na kanisa.

Sijaosha tena tangu siku ile. Wasichana wanaojifunza kazi huja nyumbani kuniuliza kama inafaa kuzungumza na maiti. Nnawaambia wanyamaze, wasome dua, waoshe. Lakini yule mama aliuliza kila siku hilo daraja likoje, na hakuna aliyemjibu. Mie nilikuwa nimetoka kuliona.