Siku ya Uji Ulioungua

Kalenda mpya ilinuka wino na gundi. Mama aliipata kila Desemba kwa Mhindi wa duka la vitambaa mjini Kisii, aliyewagawia wateja wake, naye aliibeba hadi kwetu Manga ikiwa imeviringishwa ndani ya leso isije ikakunjika. Mimi ndiye niliyeipigilia misumari ukutani, kisha nikabandika pua pale na kuzisoma tarehe nyekundu: Madaraka, Jamhuri, Krismasi, hata sikukuu ya taa ya Wahindi, ambayo nilijiuliza husherehekewa kwa chakula gani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mambo makuu ya dunia na siku yalipotokea: vita, kuzaliwa kwa wafalme, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Niliyakariri yote na kuwaringia wenzangu. Magokoro, yaani nyanya yetu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza huko mwezini walipanda nini.

Yeye hakujua kusoma, lakini siku za watu alikuwa nazo kichwani. Mtu akitaka kujua alizaliwa lini, alikwenda jikoni kwake akakalishwa kwenye kigoda na kuulizwa maswali. Je, mama yako alikuwa na mimba wakati mvua ya mawe ilipoinyonyoa chai ya Gesima? Wavulana gani walikuwa ndani mwaka huo? Kwetu wavulana huingia jandoni shule zikifungwa Desemba, na kila kundi hukaa ndani ya nyumba yake hadi lipone. Magokoro aliyajua makundi hayo yote, nani alikuwa na nani, nani alilia, na kwa hayo alimpimia kila mtu umri wake. Mimi, bingwa wa ukurasa wa mwisho, nilimcheka chinichini. Ninaona haya ninapokumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba dada yangu Kwamboka alikuwa darasa la nane. Kanisa moja lilikuwa limeahidi kumsomesha sekondari msichana mmoja wa shule yetu, mradi awe hajatimiza miaka kumi na mitano. Dada alikuwa wa kwanza darasani, na nyumbani hatukuwa na njia nyingine ya kumpeleka mbele. Balaa lilikuwa urefu wake. Alizaliwa nyumbani, kadi yake ya kliniki ililiwa na mchwa, na Mama alikumbuka tu kwamba ilikuwa Desemba. Mwalimu Makori, aliyejaza fomu, alikuwa na dawa yake kwa watoto wasio na karatasi: alimtazama mtoto kimo, akakisia mwaka, akaandika Januari mosi. Nusu ya darasa lile ilizaliwa siku moja. Dada akapewa miaka kumi na sita. Alirudi nyumbani, akavua sare, akaikunja vizuri na kuiweka chini ya kitanda, kama kitu cha mtu aliyekufa.

Asubuhi iliyofuata Magokoro alivaa viatu vya kanisani, akatushika mkono na kwenda nasi shuleni. Mwalimu alikuwa kijana wa kijiji chetu, mpole lakini mwenye kushikilia sheria.

"Magokoro, mimi nitafanya nini? Hawa watu wanataka tarehe, si hadithi," alisema kwa Kiswahili cha ofisini.

Nyanya akamjibu kwa Kikisii. "Yaya, hapana, mwanangu. Wewe uliingia ndani mwaka gani?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Themanini na tatu."

"Na uji wenu wa wimbi alipika nani?"

"Ni wewe."

"Uliwahi kuungua?"

Mwalimu aliweka kalamu mezani. "Siku moja tu. Ulikuwa mchungu kama dawa na tukalazimishwa kuumaliza. Hiyo ilikuwa siku iliyofuata Jamhuri, kwa sababu jana yake wajomba walikuwa wametuletea vibendera vya karatasi kutoka uwanjani."

"Niliuacha motoni nikakimbia," Magokoro alisema, akamsukuma dada mbele. "Niliitwa kumpokea huyu."

Mwalimu akachukua fomu mpya, akaandika kumi na tatu, mwezi wa kumi na mbili, themanini na tatu, akaipiga muhuri kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Nilimwangalia nyanya yangu, na tangu siku hiyo sijawahi kumcheka tena.

Dada alipata nafasi ile, na leo ni mhandisi wa maji. Siku hizi simu yangu huniambia kila asubuhi nani alizaliwa siku kama hii na jambo gani lilitokea wapi, na watoto wangu wana vyeti tangu wakiwa na wiki moja. Ni vizuri, silalamiki. Lakini simu haijawahi kuvaa viatu vya kanisani na kwenda kunitetea. Magokoro alipofariki, fundi wa msalaba alituuliza tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Tukatazamana, watoto na wajukuu, na fundi akaandika moja. Kwamboka ndiye aliyelia kwa sauti. Maisha yote ya Magokoro tulimwendea kumuuliza siku zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza yake.