Pangaboi na Ubeti wa Mama

Kaka yangu hajui kukaa. Mpe kiti, atakishika mgongo, atakizunguka, na chai yako itapoa mezani. Wanafunzi wake walimwita Pangaboi, yaani feni ya darini, kwa sababu akifundisha alizunguka darasa zima mpaka shingo zikawauma. Nilipolisikia jina hilo nilicheka, nikasema hao watoto wana macho. Na wao walimvumilia kwa kipindi tu. Mimi ninaye kwenye chumba changu cha kushonea tangu ujana wetu.

Ni msomi, profesa wa ushairi, lakini mashairi yake hayakuzaliwa chuoni. Yalizaliwa hapa, kati ya meza ya kukatia na dirisha. Mimi nakanyaga cherehani, yeye anatembea, maneno yanafuata mguu wangu. Nikisimama kutia uzi, ananigombeza kwamba nimemkatia mstari! Wala haandiki mpaka shairi liishe. Beti zote ananiachia mimi kichwani, ndiyo maana akanipa jina la Kabati. Akitaka ubeti wa tatu, nampa huku nimebana pini mdomoni.

Mama yetu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Siku kiwanda kilipoungua, milango ilikuwa imefungwa kwa nje, ili wafanyakazi wasitoke kabla ya saa. Mimi na kaka tulikimbilia pale na majirani, tukaupiga ule mlango mpaka nguvu zikatuishia. Waliokuwa ndani, mama akiwamo, walizikwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani na yule ni nani. Aliyekaa na ufunguo hakuulizwa hata swali moja. Kaka akatunga shairi, akauliza yeye.

Lilikuwa pindu, yaani kila ubeti unaanza kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia, kama pete za mkufu. Wanafunzi wakalibeba, likafika hadi sokoni. Kaka akawekwa ndani. Alipotoka, darasa lake lilikuwa na mtu mwingine, na yeye haruhusiwi kufundisha popote. Hapo ndipo nilipoujua uzito wa mtu asiyetulia. Kutwa anatembea, anafundisha ukuta. Siku moja nilimkuta analieleza pipa la maji habari ya vina vya kati, nikatoka nje nikalia.

Miaka ikaenda, wakubwa wakabadilika. Mkuu mpya wa chuo akaja mwenyewe nyumbani, mtu mpole, viatu vinang'aa. Alisema wanataka kumrudishia kaka darasa lake. Kutakuwa na hafla, naye atasoma lile shairi, ila ubeti mmoja tu auache, ule wa ufunguo, kwa kuwa mgeni rasmi ni wa ukoo wa mwenye kiwanda. Kaka alicheka, akamwambia pindu haling'olewi ubeti kama jino. Kisha, bila kunitazama, akasema atajaribu.

Na akaweza. Ubeti wa mama, huo wa ufunguo, ulikuwa unaishia kwa maneno "nani huyo", na uliofuata ukaanza "Nani huyo, tuambiwe". Aliutoa wa mama, akageuza mwisho wa ule wa juu, na uliofuata sasa ukaanza "Leo hii, tuambiwe". Ukipitisha kidole hupati mshono. Akanitaka nikanyage cherehani alipime. Nilikunja mikono.

"Mama hafufuki kwa ubeti, Kabati," aliniambia. "Wale watoto wa darasani wako hai, na mimi nazeeka."

"Mama hana kaburi lake peke yake," nikamjibu. "Kaburi lake ni huo ubeti, na wewe ndiye unayelifukia."

Tukanuniana. Alizunguka nje uani, mimi nikashona kwa hasira, na nilichokuwa nashona, jamani, kilikuwa koti lake la kufundishia. Damu ni nzito kuliko maji. Nilimwekea mifuko mikubwa ya chaki, na kwapani nikaacha nafasi, maana mtu huyu akifundisha anarusha mikono. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa namwombea alipate hilo darasa. Vyote viwili vilikaa kifuani kwangu siku zote zile.

Siku ya hafla ukumbi ulijaa. Wanafunzi walisimama hadi ukutani. Mimi niliketi mbele, karibu na mgeni rasmi. Kaka akashika kipaza sauti, koti limemkaa barabara, akaanza. Beti zikashuka moja baada ya nyingine, watu wanatikisa vichwa, mkuu wa chuo anatabasamu. Alipokaribia pale alipounga, akaanza kutembea. Akakiacha kipaza sauti, akazunguka jukwaa, midomo inakwenda na sauti haifiki. Ukumbi ukadhani mzee kachanganyikiwa. Mimi nilikuwa naisoma ile midomo. Alikuwa anamsema mama, peke yake, pembeni, asisikike na mtu.

Akarudi kwenye kipaza sauti, akasema, "Nani huyo, tuambiwe..." Ulimi ulikwenda ulikozoea.

Sasa, anayejua pindu akisikia ubeti unaanzia hewani, anajua pete moja imeanguka. Kutoka nyuma kijana mmoja akauliza kwa adabu kabisa:

"Profesa, samahani, nani? Ubeti mmoja hatukuusikia."

Kaka alinitazama. Nikaona mguu wangu unakanyaga sakafu, taratibu, kama uko kwenye cherehani. Sikuutuma mimi. Naye Pangaboi, ambaye hata akila anatembea, akasimama. Hakutikisa kidole. Akautoa:

"Mlango tukaupiga, ndani moshi umejaa,
Mama naye akipiga, mkono ukachakaa,
Pumzi ikamuaga, sauti ikasinyaa,
Ufunguo aliweka, mfukoni, nani huyo?"

Mgeni rasmi aliondoka kabla ya beti kwisha. Mkuu wa chuo akamfuata mbio.

Darasa hatukulipata. Nasema hatukulipata kwa kuwa hata mimi nililitaka. Kaka amerudi kwenye njia yake, meza hadi dirisha, dirisha hadi meza, ananichosha na anatunga. Koti nimelitundika msumarini nyuma ya cherehani, mifuko ni mipya vilevile. Kila akipita hapo analigusa mkono, halafu ananiambia nikanyage.