Nani Alimwona Akila

Nikiwa mtoto wa miaka tisa, viumbe hai wote niliwagawa mafungu matatu: wanaoliwa, wanaouma, na watu wa kuogopwa. Mgawanyo huo nilipewa na nyanya yangu, tuliyemwita Dani, aliyeishi kando ya ziwa upande wa Nyakach. Katika fungu la tatu, wabaya kuliko wote walikuwa wenye sihoho, watu ambao wakikutazama unakula, chakula kinakugandia tumboni mpaka ufe au kitolewe na mganga. Ndiyo maana kwa Dani tulikula tumeupa mlango mgongo.

Likizo ya Agosti mama alitupeleka huko kutoka mtaani kwetu Kaloleni, mimi na mdogo wangu Ouma wa miaka mitatu. Kipindupindu kilikuwa kimesikika ufuoni, na kabla ya kurudi mjini mama alinishika sikio. "Maji ya Ouma uchemshe. Wewe, si Dani. Dani amechoka."

Nikavimba kichwa kwa kupewa cheo. Siku nane nilichemsha. Siku ya tisa kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanitoa machozi, na wenzangu walikuwa nje wakiruka kamba na kuniita. Nikamimina maji ya ziwa moja kwa moja katika nyungu ya Ouma, nikaifunika vizuri.

"Atieno, hiyo maji umechemsha?" Dani aliuliza.

"Ndiyo, Dani."

Jioni hiyo jirani yetu Min Apiyo alipita kuomba kaa la moto, akamkuta Ouma akifyonza kichwa cha samaki aina ya ngege. Alikuwa mjane mcheshi, tena ndiye aliyenisuka nywele tangu tufike. "Huyu anakula kama mwenye boma!" akasema, akacheka, akaenda zake na kaa lake.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Ouma alianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Macho yakazama. Watu hupenda kudhani nyanya zetu hawakujua lolote, lakini Dani aliwahi kumbeba mjukuu mwingine mgongoni mpaka zahanati kwa ugonjwa huo huo, akapona. Kwa hiyo alianza na mimi.

"Maji yake ilichemshwa?"

"Ilichemshwa."

"Kila siku?"

"Kila siku, Dani."

Ndipo akauliza swali ambalo kila mtoto wa kwetu alijua kuwa jibu lake ni jina la mtu. "Basi nani alimwona akila?"

Nilimtaja Min Apiyo haraka mno. Nafuu niliyoisikia moyoni nilipomtaja naikumbuka hadi leo, na naichukia.

Mganga aliletwa, mwanamke mpole aliyebeba pembe ndogo ya ng'ombe. Alimchanja Ouma tumboni, akafyonza kwa pembe ile, akatema kiganjani kipande cha samaki. Waliokuwepo wakashusha pumzi. Mimi pia niliamini, maana nilitaka sana kuamini. Habari za zahanati zikaishia hapo. Mchana kutwa Ouma aliomba maji, nami nilimpa, kutoka nyungu ile ile. Jua lilipokuwa likishuka alikufa mapajani mwa Dani.

Min Apiyo alikuja matangani akazuiwa langoni. Tangu siku hiyo akipita, akina mama waliwaita watoto wao ndani na sahani zao. Alivumilia msimu mmoja wa mvua, halafu akahama.

Miaka mitano baadaye, nikiwa kidato cha kwanza, mwalimu wa biolojia aliweka tone la maji ya ziwa chini ya hadubini. Niliona viumbe vyenye vinyweleo vikikimbia huku na huku kama watu wa sokoni.

"Hawa mnaona ni wakubwa," mwalimu alisema. "Iko wengine wadogo zaidi, bakteria. Si mnyama, si mmea, wako na kikundi yao. Kipindupindu ni hao. Na ukichemsha maji tu, wamekwisha."

Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa, nikaenda nyuma ya darasa nikazihesabu siku: nane nilichemsha, ya tisa sikuchemsha. Dani alikuwa ameshazikwa, na mama sikuthubutu kumwambia.

Mwisho wa miaka ya tisini nilisimama sokoni Otonglo kununua nyanya, nimemshika mkono mwanangu aliyekuwa akila ndizi. Muuzaji alikuwa Min Apiyo, amekonda, meno mawili hayapo. Hakunitambua. Alipomwona mtoto anatafuna, aligeuza uso akautazama ukuta wa duka nyuma yake.

"Mama, tunataka nyanya," nikasema.

"Ngoja kwanza mtoto amalize."

"Hakuna neno, Mama. Mwangalie tu."

"Hapana, binti yangu. Macho yangu si mazuri. Iliwahi kuua mtoto ya watu."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekueleza kuwa goti lake linauma. Naye alikuwa ameamini. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyabeba tangu siku ile ya hadubini. Lakini ningemwambia nini, kwamba miaka yote hiyo ameogopa macho yake mwenyewe kwa sababu mimi nilitaka kuruka kamba?

Wale viumbe wadogo wa ziwani hawakumjua Ouma walipomuua. Mimi Min Apiyo nilimjua, alinisuka nywele.

Mwanangu alimaliza ndizi yake, nikamfuta mdomo. Min Apiyo akageuka, akanichagulia nyanya nzuri, akaniongezea moja ya mtoto. Nikasema asante, nikaondoka.