Sauti Iliyopita Kwenye Waya wa Picha

Mama mudogo sasa analima mihogo kwenye shamba la kaka yake, kule Kiringye, na mimi ndiye niliyemfikisha huko. Watu wananiambia hapana, usijisumbue, ni desturi, ni baba mukubwa. Wacha waseme. Wao hawakukaa mbele ya mashine siku ile, nilikaa mimi.

Nilimwambia twende tribinali, ushahidi ninao, sheria ya nchi iko upande wake. Akanijibu: "Siwezi kushitaki ndugu za bwana yangu. Nikifa, ni nani atanizika?" Tangu siku hiyo sijamuuliza tena. Mwezi uliopita nilimpelekea sukari na sabuni, akanipokea vizuri, akanipa mihogo ya kurudi nayo. Angenitukana ningelala usingizi.

Huyu ni mke wa baba mudogo, yaani mdogo wake baba yangu. Walikuwa na nyumba Nyamianda, ya matofali ya kuchoma na mabati mazuri, na kibaraza mbele ambapo mama mudogo aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, miaka yote ya ndoa yao. Nyumba ile ilijengwa na ndagala. Mtaa mzima ulijua. Yeye ndiye aliyewahi ufukweni kununua kabla jua halijatoka, yeye ndiye aliyeanika, yeye ndiye aliyebeba kichwani mpaka sokoni. Baba mudogo alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu ulikuja pale ulipojisikia kuja. Lakini hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mwanamume, na Mungu alikuwa amewapa wasichana wawili tu, wote wameolewa. Kwa baba mukubwa, kaka yao wa kwanza, jambo halikuwa gumu: mwanamume akifa bila mtoto wa kiume, nyumba inarudi kwa ndugu zake.

Baba mudogo alilijua hilo. Alipoanza kuvimba miguu na kuona kwamba hatapona, aliniita kando ya kitanda chake.

"Weye uko fundi wa mashine," aliniambia. "Nikamate picha pamoja na sauti. Nikiandika karatasi, watasema si mukono wangu. Uso na mudomo, watasema ni vya nani?"

Nikamchukua video kwa telefone yangu. Alisema wazi, polepole, akipumzika katikati ya maneno: nyumba ni ya mke wangu, yeye ndiye aliijenga, mutu asimutoe. Jioni ile ile nikahamisha video kwenye ordinateri, kompyuta yangu ya kazi, maana telefone kwetu ni mali ya anayeitaka, na kweli ile iliibwa mwezi uliofuata. Baba mudogo alikufa akijua neno lake liko salama kwangu.

Nina kibanda Kasenga cha kuandikia watu barua na kutoa fotokopi. Wenzangu wote wa kazi hii wanatumia Windows ya kunakili, na kila juma virusi vinawalia mafaili. Mimi niliweka Linux. Nilijifunza peke yangu, kwa kukosea, na kiburi kikanikaa. Mteja akija na flash iliyojaa virusi nilimcheka mbele ya watu. Sauti ikikataa, nilifungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika mistari miwili mitatu, sauti ikarudi, na mteja akatikisa kichwa. Walisema mimi ni mchawi wa mashine. Nililipenda jina hilo, nisiseme uongo.

Sasa, kwetu neno la mali linasemwa siku ya kuondoa matanga. Jamaa yote inakaa uani, mwenye neno analitoa, na mkubwa akishakunywa kikombe cha kwanza cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, neno limefungwa. Baada ya pale hakuna wa kuongeza kitu. Juma moja kabla ya siku hiyo nilikwenda kwa baba mukubwa nikamwambia kuhusu video. Hakukasirika. Akasema:

"Akisema, tutasikia. Asiposema, tutafuata desturi. Lakini iwe mbele ya kikombe, si nyuma ya kikombe."

Niliona ni haki. Sijui hadi leo kama alikuwa ananipa nafasi au ananichimbia shimo. Vyovyote, shimo nililichimba mwenyewe.

Siku moja kabla, mama mudogo alikuja kibandani. Nilimwonyesha video yote. Sauti ilitoka safi, hata kikohozi kilisikika. Alifunga mdomo kwa kitenge mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Kwa nini usiiweke tu mu telefone? Mukubwa aisikie, wengine waisikie, mambo yaishe."

Nilicheka. Nikamwambia hili ni neno kubwa, haliwezi kutoka kwenye kitelefone kama matangazo ya mpira. Nitaazima projekteri, nitatundika shuka jeupe ukutani, wamwone amekaa mbele yao.

"Picha ya nini?" akasema. "Uso wanaujua. Tunatafuta sauti."

Mwanamke ambaye hajawahi kugusa mashine alikuwa ameielewa kazi kunizidi mimi fundi. Na mimi, kichwa ngumu, nikamjibu: "Mama mudogo, niachie kazi yangu."

Akaniachia.

Siku yenyewe pikipiki ilikwenda na kurudi mara mbili: sanduku la mashine, ekran, bafle mbili za kutolea sauti, waya tele. Projekteri niliiazima kanisani, ya zamani, ina kelele ya kinu. Jenereta iliwashwa nyuma ya nyumba. Uani walikaa watu kama arobaini, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mama mudogo katikati yao na kitambaa cheupe kichwani.

Kwanza picha ikakataa. Shuka likabaki jeupe. Nikafungua mipangilio ya ekran, nikaona mashine imeihesabu projekteri kama uwanja mwingine wa pembeni, mtupu, badala ya kurudia kilichopo mezani. Nikabadilisha. Picha ikaja, lakini imekatwa, kichwa cha baba mudogo kiko nje ya shuka. Nikashusha ukubwa, mara moja, mara mbili, mpaka ukalingana na nguvu za projekteri ile. Ikakaa. Uso wake ukatokea, mkubwa kuliko mlango, na wanawake wakaguna. Baba mukubwa mwenyewe alivua kofia. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Nikabonyeza, mdomo wa baba mudogo ukaanza kusogea, na hakikutoka kitu.

Nikapandisha sauti. Ilikuwa juu tayari. Nikaangalia kama imezimwa, haikuzimwa. Ndani ya mipangilio, kile kimstari kinachoonyesha nguvu ya sauti kilikuwa kinaruka kwa kila neno lake. Maana yake mashine ilikuwa inasema. Basi nikaamua bafle ndizo zimekufa kwa matuta ya barabara. Nikachomoa waya wake, nikachomeka tundu la mbele, nikachomeka tundu la nyuma. Nikagusa ncha ya waya kwa kidole, na bafle zikanguruma vizuri kabisa. Kumbe ni nzima. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo na kujiuliza: kama mashine inasema, na bafle ni nzima, neno linapotelea wapi? Mimi nilikuwa na macho ya watu arobaini mgongoni. Nikaurudisha waya tunduni, nikafungua dirisha jeusi, nikaiua programu ya sauti, nikaiwasha upya. Ikaja na ububu wake ule ule. Kuna orodha moja ya kuchagua sauti itokee njia gani. Kibandani mashine yangu ina njia moja tu, kwa hiyo katika miaka yote ya uchawi wangu sikuwahi kuifungua, na siku ile pia sikuifungua.

Nikamwanzisha baba mudogo mara ya nne. Akafungua mdomo, akafunga, akapumzika, akafungua. Wajukuu wakaanza kucheka, wakanyamazishwa. Shangazi, dada yao wa mwisho, akaniita kwa upole: "Mutoto, weka basi mu telefone, tusikie."

Kamba ya kuhamishia video kwenye telefone ilikuwa Kasenga, kwenye droo. Kutuma pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa nusu saa. Wangeningojea, naamini wangeningojea. Nikasema: "Dakika mbili, shangazi. Iko inakuja." Zile dakika mbili niliziomba karibu saa nzima.

Baba mukubwa hakuniharakisha. Aliningoja kwa subira ya mtu ambaye hana la kupoteza. Mwishowe akasimama, akavaa kofia yake.

"Ndugu yetu amekataa kusema," akasema. "Tumemuona, tumemungojea. Marehemu akiwa na neno, hakuna mashine ya kumufunga mudomo."

Wazee wakaitika. Nikasema: "Baba mukubwa, si yeye. Ni mipangilio."

"Ni nini?"

"Ni mashine."

"Uliniambia weye uko fundi wa iyo mashine," akasema, na wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Akapokea kikombe, akamwaga matone chini, akanywa.

Nilimwona mama mudogo akiinamisha kichwa. Hakulia. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilikuwa imekwenda, na vikombe vikaanza kuzunguka, na watu wakaanza kuongea habari za mvua na bei ya muchele, maana ndivyo ilivyo, neno likifungwa watu wanarudi kwenye maisha yao.

Nikaanza kufungasha. Kwa hasira hata video sikuizima, ikawa inajirudia yenyewe kwenye ekran ya mezani na kwenye shuka. Nikapitisha mkono nyuma ya sanduku, nikavuta waya wa projekteri.

Na baba mudogo akasema.

Nieleze, ingawa sasa maelezo hayamsaidii mtu. Waya ule haubebi picha tu, unabeba na sauti. Nilipouchomeka, mashine iliamua yenyewe kwamba sauti nayo ipite mle mle, na ile projekteri ya zamani haikuwa na bafle hata moja. Muda wote ule marehemu alikuwa anasema, anasema, na neno lake linaingia kwenye kisanduku kisicho na mdomo. Nilipovuta waya, sauti ikarudi njia yake ya kila siku. Kama nisingetaka picha kubwa, angesikika tangu mara ya kwanza. Na kwa sababu nilikuwa nimepandisha kila kitu mpaka mwisho, ilitoka kubwa kuliko alivyowahi kusema alipokuwa hai.

"...huyu mwanamuke ndiye alijenga hii nyumba. Kwa ndagala. Miye nilikuwa ninakula tu. Ndugu zangu, ninawaomba, mutu asimutoe..."

Ua wote ulisikia. Mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyeuliza ni sauti ya nani. Shangazi aliangalia chini. Wazee wale walioitika waliangalia ndani ya vikombe vyao, na hakuna aliyekiweka chini. Nilimgeukia baba mukubwa. Nilidhani, mpumbavu mimi, kwamba atasimama tena.

Hakusimama. Alifuta mdomo, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumtuma mtu maji: "Mwanangu, zima iyo kitu. Watu iko wanakunywa."

"Acha amalize," mama mudogo akasema.

Hakuwa amesema neno mbele yao tangu asubuhi. Alisema kutoka pale kwenye mkeka, akiniangalia mimi, si wao. Nadhani nyumba alikuwa ameshaiaga. Alichotaka ni mume wake amalize kusema.

Baba mudogo alikuwa bado anaendelea, amefika pale anapopumzika na kulitaja jina alilomuita mkewe nyumbani, wakiwa wawili. Mkono wangu ulikuwa juu ya mashine. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyenitishia. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wangu. Nilimwangalia mama mudogo, nikamwangalia baba mukubwa na kikombe chake, na nikazima.