Siku Filou alikatala kupanda

Wakati nilikuwa mutoto wa miaka kumi na moja, Koko, mama wa mama yangu, aliniambia kitu juu ya imbwa. "Imbwa ikisimama katikati ya njia, haibweke, haisonge, ujue kuna muntu wa zamani anapita mbele yake. Usiikokote. Rudia nyuma."

Tulikuwa tumetoka Kivu pamoja naye, tunaishi kwa wazungu, mutaa wa Saint-Gilles, troisième étage, gorofa ya tatu. Chini yetu aliishi Madame Josette, mumama muzee, peke yake na imbwa mbili: Filou, mukubwa, mwenye kuzeeka, na Puce, kadogo. Ile hiver, wakati wa baridi, neige, ile barafu nyeupe, ilianguka siku mbili bila kupumua. Madame aliogopa kuteleza, akapanda kutuuliza kama watoto wanaweza kumutembezea imbwa. Mimi ndiye nilitafsiri. Koko hakujua French, na kwetu watoto ndio tulikuwa kinywa ya wakubwa: kwa commune, ile ofisi ya serikali, kwa munganga, fasi yote.

Koko alinifunga foulard yake kwa shingo. "Mapendo, Filou akisimama, umusikilize."

Nikaenda na Didier, cousin yangu, yeye alizaliwa hapa. Mimi nilishika kamba ya Filou, yeye ya Puce. Tukafika kwenye park ya mulima, upande wa mutaa wa Forest. Kwenye portail, mulango wa park, walikuwa wametundika karatasi nyekundu ndani ya plastique.

"Wameandika nini?" Didier aliuliza. Puce alisha kumukokota mbele.

"Saa za kufungua tu," nikajibu.

Bon, niseme ukweli: sikujua kusoma. Vita ilinikosesha masomo kwetu, na hapa waliniweka na watoto wa miaka yangu. Kusema French nilijifunza mbio. Kusoma, hapana. Wengine wakisoma, na mimi nilifungua kinywa pamoja nao.

Katikati ya kilima Filou akasimama. Masikio juu, kimya. Mbele yetu miti ilibeba neige mpaka inainama. Na mimi nikasimama.

"Alors?" Didier alirudi nyuma kidogo. "Unangoja nini?"

"Koko anasemaka..."

"Ah, Koko! Mizimu yake nayo ilipata visa?" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Villageoise, mushamba wewe, va!"

Ile neno iliniuma kuliko baridi. Nikavuta kamba. Filou akakaza miguu. Nikavuta na mikono yote mbili, akaanza kusonga, akanipita. Tukasikia kraa! Tawi zima likaanguka na neige yake. Mimi halikunigusa. Muguu wa nyuma wa Filou ulibaki chini yake. Alilia kama muntu.

Tulimubeba ndani ya manteau, koti yangu, mpaka kwa Madame. Koko alikuwa ameshuka kutungojea, donc wote wawili walikuwa mulangoni.

"Mulimufanya nini?" Madame aliuliza.

Nikajibu kwa French, mbio, bila kumuangalia Koko: "Ni koko yangu. Yeye ndiye alisema tupite kule juu. Hapendi imbwa."

Didier aliangalia viatu vyake.

"Anasema nini?" Koko aliniuliza.

"Anasema aksanti, juu tumemurudisha mbio."

Basi Koko akashika mukono wa Madame na mikono yake mbili, akainama kidogo, vile tunaheshimu muntu kwetu. "Merci, madame. Merci mingi." Madame akavuta mukono wake, akafunga mulango.

Filou alipona, lakini alibaki na miguu tatu. Madame hakumujibu Koko salamu tena. Kila asubuhi Koko alisema bonjour yake kwenye escalier, pale kwa ngazi, mulango ukafungwa.

"Nilimukosea nini yule mumama?" aliniulizaka.

"Wazungu wako vile, Koko."

Alikufa na ile jibu.

Mwaka jana, na miaka arobaini na mbili yangu, niliingia kwenye masomo ya wakubwa ya saa za magaribi. Ninasoma na kidole, polepole, lakini ninasoma. Hii hiver neige ilirudi, nikatembeza imbwa ya jirani mpaka kwenye ile portail. Karatasi nyekundu kama ile ilikuwa pale. Nikaisoma kwa sauti: Accès interdit. Chute de branches. Ni kusema: ni marufuku kuingia, matawi inaanguka. Nikaisoma tena, kwa furaha, peke yangu. Kisha furaha ikaisha. Ilikuwa inasema tu kile Koko alisema: rudia.

Kukosa kusoma, sioni haya tena. Lakini maneno ya Koko niliyasikia muzuri, na ya Madame niliyasikia muzuri. Katikati yao ni mimi tu nilisimama.

Nikarudi kwa kupitia nyumba yetu ya zamani. Nilisoma majina yote kwenye sonnette, kengele za mulango, moja moja. La Madame Josette halikuwa tena. Imbwa ilivuta kamba, nikaiambia ingoje. Kisha, mbele ya ule mulango wa kufungwa, nikatafsiri kwa French, polepole, bila kuacha neno: "Madame, koko yangu alisema tumusikilize Filou."